Kutu kwenye mashini ya kumenya kahawa: utelezi wa matunda unaweza kusaidia?

Kila msimu tunaona jambo moja kwenye stasio za kuoshea kahawa hapa Kivu. Kazi inaisha usiku, watu wamechoka, mashini inaachwa na utelezi wake mpaka asubuhi. Kidogo kidogo chuma kinaliwa, sahani hailingane tena na ngoma, punje zinakatika. Punje iliyokatika inashusha bei, hata kama mkulima alileta matunda mekundu yaliyoiva vizuri.

Chuma kinaliwa na nini?

Utelezi wa kahawa iko na sukari na pektini. Vijidudu vinapokula sukari, vinatoa asidi. Ile asidi inapimwa kwa pH: maji safi ni karibu 7, na namba ikishuka, asidi imeongezeka. Wakati wa kuchachusha kahawa, pH inashuka mpaka karibu 4. Asidi, maji na hewa vikikutana juu ya chuma, kutu haikawii.

Pektini inafanya nini?

Pektini ni polima ya asili, maana yake mnyororo mrefu wa vipande vidogo vilivyofungana kama shanga. Wanga wa muhogo na gundi ya mti wa akasia ni ndugu zake. Ikiwa ndani ya asidi, minyororo hii inaweza kushika juu ya chuma na kutandaza ngozi nyembamba sana. Fasi iliyofunikwa, asidi haiifikie kwa urahisi.

Si maneno tu. Wachunguzi wa Uyo, Nigeria, walipima gundi ya akasia na wakaona inapunguza kuliwa kwa chuma ndani ya asidi. Pektini pia imepimwa ndani ya asidi kali. Viwanda vinaihitaji kazi hii, juu vinaosha kutu kwa asidi na havitaki chuma kizima kiliwe pamoja nayo. Dawa nyingi za zamani za kazi hiyo ni sumu.

Basi mbona utelezi hauilindi mashini yetu? Juu vijidudu vinavunja pektini, na ule uchafu unaobaki unashika maji na asidi usiku kucha. Polima inapunguza mwendo wa asidi tu. Haifunge mlango kabisa, na hairudishe chuma kilichokwisha liwa.

Jaribuni wenyewe

1. Chemsheni maganda ya machungwa, hasa ule weupe wa ndani, kisha chujeni.
2. Chukueni misumari miwili mipya isiyopakwa zinki, na glasi mbili zenye vinegre sawasawa.
3. Glasi ya kwanza, ongezeni maji ya maganda yaliyopoa. Ya pili, ongezeni maji matupu, kipimo kilekile.
4. Kisha siku tatu, osheni misumari, ikausheni, linganisheni.

Matokeo yaandikwe kwenye daftari la koperative. Msianzie kwenye mashini! Na maji ya maganda yasilale siku nyingi, yanaoza.

Kwa sasa, mashini ilindwe hivi

Osheni mashini jioni ileile, hata kama taa ni moja. Ondoeni utelezi wote kwa brosi, kisha kausheni kwa kitambaa. Mwisho wa msimu, pakeni mafuta safi yasiyo na harufu, na mashini ikae fasi kavu. Kabla ya kuanza tena, osheni kwa maji ya moto na sabuni. Mafuta machafu ya motere hapana: kahawa inavuta harufu.

Asidi ya batri pia hapana. Inachoma ngozi na macho, na ya batri iliyotumika iko na risasi, ambayo ni sumu. Hata vinegre isiguse sehemu zilizopakwa zinki, juu inakula zinki upesi.

Kila koperative ichague mtu mmoja wa kukagua mashini jioni. Ile nusu saa ya kuosha ni rahisi kuliko sahani mpya.