Barabara Haiko Kiwanja cha Mashindano

Ndugu musomaji, ninataka kukuelezea jambo lililonipata mimi mwenyewe, na sitaficha kosa langu.

Siku moja nilikuwa Likasi, narudi Lubumbashi. Kijana mumoja wa kanisa akaniambia: "Pasta, ingieni, tutafika mbiyo." Kijana huyu hanywi pombe. Anaimba katika korali, iko na adabu, na gari yake ni nzuri. Lakini tulipotoka katika muji, alianza kuendesha namna sijaona. Mbele yetu kulikuwa kamiyo ya shaba. Aliifuata karibu kuigusa, kisha akachomoka. Kona ilipofika hakukaa upande wake. Aliikata kwa kupitia mukono wa kushoto. Nilishika kiti kwa nguvu. Akacheka: "Musiogope, Pasta. Hii ni tekiniki. Niliionaka ku video. Ni vile mashampioni banaendeshaka."

Nilinyamaza. Juu ya nini? Nilikuwa na ibada saa kumi, nilitaka kufika.

Katika kona ya tatu, muzee mumoja alikuwa anasukuma kinga yake yenye magunia ya makala. Alipotuona katika upande wake, alijitupa katika majani. Kinga ilianguka, magunia yakapasuka. Tulisimama mbele, tukarudi kwa miguu. Muzee hakuumia. Tulipiga magoti, tukaokota makala kwa mikono, mimi pamoja na suti yangu ya ibada. Muzee hakututukana. Alisema tu: "Baba, mie sikujua kama leo kuko mashindano."

Neno hilo halijatoka katika moyo wangu mpaka leo.

Tekiniki ni ya kweli, lakini iko na nyumba yake

Vijana, sisemi kama mulichoona katika video ni uongo. Ni elimu ya kweli. Lakini angalieni inafanya kazi wapi.

Shofa wa mashindano anaingia kona kutoka upande wa inje, anakata ndani, anatoka tena upande wa inje. Anatumia barabara yote, sababu magari yote yanaenda upande mumoja. Kwetu, nusu ya barabara ni ya yule anayekuja. Ukiichukua, umemunyanganya njia yake bila kumuuliza.

Shofa wa mashindano anafuata mwenzake karibu sana, ili gari ya mbele imukatie upepo. Gari zile zina freni za nguvu sawasawa, na wote wawili wanajua kona inayofuata. Wewe nyuma ya kamiyo unaona nini? Unaona mulango wake wa nyuma tu. Tena gari nyingi za kwetu volani iko mukono wa kuume, na sisi tunaendesha upande wa kuume. Shofa anakaa karibu na mutaro; hawezi kuona mbele ya kamiyo mpaka atoe pua yote ya gari katika njia ya wengine.

Shofa wa mashindano anachelewa kukanyaga freni mpaka mwisho. Amezunguka kona ile mara nyingi. Pine zake zinashika lami. Akikosea, kuna muchanga wa kumupunguza na ukuta wa pine wa kumupokea. Kukiwa hatari mbele, mutu anapepea bendera ya manjano. Yeye mwenyewe amevaa kofia ngumu, amefungwa mikaba, na munganga anangoja karibu. Katika njia ya Likasi nani atakupepea bendera? Kamiyo ikiharibika, watu wanatupa matawi ya miti katika lami, basi. Wakati mwingine hata matawi hayako.

Hesabu ndogo

Chukueni kalamu. Gari yenye kwenda kilometa 60 kwa saa inakata karibu meta 17 kwa sekonde moja. Ukiona mutoto, sekonde moja inapita mbele ya muguu kufika ku freni. Kisha freni yenyewe, kwa lami kavu na pine nzuri, inataka karibu meta 20. Jumla ni meta 37.

Sasa enda kilometa 120. Mwendo umezidi mara mbili, lakini freni inataka mara nne: karibu meta 80. Ongeza meta 33 za sekonde ya kwanza, unafika meta 113. Ni zaidi ya urefu wa kiwanja cha kabumbu. Na kama mvua inanyesha, au pine zimekwisha, meta zinaongezeka tena. Ufundi wa mikono haufuti hesabu hii.

Wenye mbiyo wenyewe walitoka barabarani

Zamani mashindano yalifanywa katika barabara za watu. Mwaka 1903 magari yalitoka karibu na Paris kwenda Madrid. Watu walikufa njiani, mashofa na watazamaji, na serikali ya Ufaransa ikasimamisha mashindano Bordeaux. Mwaka 1907, Uingereza, kiwanja cha Brooklands kikafunguliwa, kilichojengwa kwa kazi ya mashindano ya magari.

Italia iliendelea na mashindano ya Mille Miglia, kutoka Brescia mpaka Roma na kurudi, katika barabara za kawaida. Mwaka 1955 Stirling Moss alishinda kwa mwendo wa kadiri wa kilometa 157 kwa saa. Alikuwa fundi kweli. Lakini mwaka 1957, karibu na kijiji cha Guidizzolo, pine ya gari ya Alfonso de Portago ilipasuka. Alikufa yeye na mwenzake, na watazamaji 9 kando ya njia. Kati yao watoto 5. Mashindano ya namna ile yakakwisha.

Hata katika kiwanja hatari inabaki. Ayrton Senna, shampioni wa dunia mara tatu, alikufa tarehe 1 mwezi wa 5, 1994, kisha kupata aksida katika kiwanja cha Imola. Lakini yeye alichagua hatari ile. Watoto wa Guidizzolo hawakuichagua. Muzee wa makala vilevile.

Wazazi wa mugodi, munajua tayari

Ninyi munaotumika katika mugodi munajua mambo haya kuliko mimi. Kule gari ndogo inabeba bendera juu ya fimbo ndefu ili shofa wa kamiyo kubwa aione. Munafunga mukaba. Munaheshimu mwendo ulioandikwa. Halafu jioni munapita mulango wa kampuni, na bendera ya akili inashuka! Je, mutoto wa jirani haiko na bei kuliko tani moja ya shaba?

Torati (22:8) inaamuru mwenye kujenga nyumba aweke ukuta mudogo juu ya dari, mutu asianguke, damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Kiwanja cha mashindano kina ukuta wake. Barabara yetu haina. Ukuta wake ni wewe, shofa.

Na sisi wenye kukaa kando yake? Mimi nilikuwa na kinywa, na sikusema. Ningesema maneno mawili tu: "Simamisha, nishuke." Yule kijana alinipenda, angesikia. Siku ile ibada ilianza bila mimi, na hakuna aliyekufa kwa kunikosa.

Maulizo ya kuzungumza katika jamaa

1. Nani kati yetu anaendesha mbiyo, na nani amemwambia?
2. Pine na freni za gari au moto yetu zinafaa bado?
3. Tukiwa katika basi na shofa anakimbiza, tutasema neno gani?