Upana au Urefu wa Mpigo? Istilahi ya Kufifisha Taa za LED

Mtu aonapo taa ya LED imefifia, hudhani kwamba imepewa umeme haba. Katika ufifishaji wa mipigo, sivyo. Taa huwashwa kwa nguvu yake yote, kisha huzimwa kabisa, tena na tena. Kila kuwaka ni mpigo mmoja. Mipigo ikiwa 200 kwa sekunde, kila mzunguko huchukua milisekunde 5. Taa ikiwaka milisekunde 1.25 tu kati ya hizo, mwanga wa wastani huwa robo. Jicho haliwezi kufuata wepesi huo, basi huona mwanga mmoja uliofifia.

Je, kinachobadilishwa kiitweje? Tukifuata Kiingereza, twapata "upana wa mpigo". Neno "upana" latokana na mchoro, ambamo muda huonyeshwa kwa mstari wa mlalo. Lakini katika Kiswahili muda huwa mrefu au mfupi, hauwi mpana. Wala "kufifisha kwa muda" hakufai, kwani msomaji atafahamu kwamba taa itarudia ukali wake baadaye. Afadhali "urefu wa mpigo": hata mwanafunzi asiyewahi kuuona mchoro atatambua kwamba kinachopunguzwa ni wakati wa kuwaka, si nguvu ya taa.