Ofisi Iliyomo Ndani ya Kivinjari

Kazini hawanijui kwa cheo. Wananijua kama kaka wa kompyuta, na simu yangu huanza kuita kabla chai ya asubuhi haijapoa. Mama mmoja mhasibu aliyeko Lindi hupiga akiwa ameshafadhaika: "Mwanangu, ofisi haifunguki." Ofisi anayoisema iko Dar es Salaam. Anaifungulia ndani ya kivinjari, kwenye laptop ya mtumba aliyonunuliwa na mwanawe Kariakoo. Namwamkia, kisha namuuliza: "Mama, saa ya kompyuta yako inasema leo ni tarehe ngapi?"

Swali hilo huwashangaza wengi. Laptop ya mtumba mara nyingi ina kibetri kidogo ndani kilichokwisha kufa, kile kinachotunza saa mashine ikizimwa. Umeme ukikatika nayo haina chaji, ikiwaka inaamka ikidhani tuko mwaka 2015. Sasa, kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kivinjari hukikagua kabla ya kukufungulia chochote. Kikiona cheti ambacho kwa saa yako bado hakijazaliwa, kinakataa. Chrome hata hukuambia waziwazi kwamba saa yako iko nyuma, ila maandishi hayo nani huyasoma? Rekebisha saa, weka ijipange yenyewe kwa mtandao, ofisi inafunguka. Mama anacheka, nami narudi kwenye chai yangu.

Nieleze kwanza kinachofanyika. Seva ya Dar imegawanywa ndani kwa ndani kuwa kompyuta pepe nyingi, kila mtumishi na yake: Windows yake, Excel yake, faili zake. Kinachosafiri hadi Lindi ni picha ya skrini, tena vile vipande vilivyobadilika tu. Kinachorudi Dar ni herufi unazobonyeza na mwendo wa mausi. Ni kama dirisha la keshia wa benki: hela unaziona zikihesabiwa, lakini kabati liko upande wa pili wa kioo. Laptop ikiibiwa stendi ya mabasi, mwizi kapata laptop. Vitabu vya hesabu viko palepale. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, hilo si suala la kupenda au kutopenda. Ofisi inayotunza majina, namba za simu na mishahara ya watu ina wajibu wa kisheria wa kuvilinda.

Kwangu mimi, hata hivyo, uzuri wake mkubwa uko kwenye umeme. Ukikatika Lindi, kompyuta pepe inaendelea kuwaka Dar, na jedwali uliloliacha katikati ya safu unalikuta hivyohivyo ukiingia tena, mradi hujapitisha muda uliowekwa na msimamizi. Ndiyo maana nawasisitizia watu tofauti ya kufunga kichupo na kujitoa. Ukifunga kichupo, kazi inabaki wazi kule, ukijitoa, inafungwa. Jioni jitoe. Umeme ukirukaruka mchana, wala usihangaike.

Zamani mambo yalikuwa magumu. RDP, lugha ambayo kompyuta za Windows huitumia kutuma skrini mbali, ilikuja na Windows NT 4.0 Terminal Server mwaka 1998, na ilitaka programu yake maalumu. Ukitaka kuipitisha kwenye kivinjari ulipachika Java au ActiveX, na kila toleo jipya liliharibu kitu. Chrome ilifuta vipachikwa vya aina hiyo mwaka 2015, Firefox ikafuata 2017, na Internet Explorer ikastaafishwa Juni 2022. Wengi walinung'unika. Mimi nilishukuru Mungu. Siku hizi HTML5 inatosha: kivinjari kinachora skrini chenyewe na kuzungumza na seva bila kupachikwa kitu. Sisi tunatumia Apache Guacamole, yenye jina la rojo ya parachichi ya Wameksiko, na haina ada ya leseni. Ofisi zenye fungu nono hutumia Citrix, Horizon, au Windows 365 na Azure Virtual Desktop za Microsoft. Majina mengi, lakini wanachokidai kwenye kivinjari chako karibu ni kilekile.

Wanadai ruhusa. Kivinjari kimeundwa kutoiamini tovuti yoyote: kisiiachie ifungue madirisha ovyo, isome ulichonakili wala isikilize maikrofoni yako. Kwa tovuti ya kawaida huo ni ulinzi mzuri, lakini ofisi ya mbali inahitaji yote hayo. Basi fungua anwani ya ofisi, bonyeza alama iliyo pembeni ya anwani hiyo kule juu, ingia kwenye mipangilio ya tovuti. Ruhusu madirisha ibukizi, kwa kuwa mifumo mingine huifungua kompyuta yako katika dirisha jipya, na likizuiwa utabaki ukitazama ukurasa usiosogea. Ruhusu ubao wa kunakili, la sivyo utanakili namba ya ankara huku, na kule haibandiki. Maikrofoni iruhusu tu kama unafanya mikutano.

Vidakuzi ndivyo vinavyonichosha. Mifumo mingi hukupeleka kwenye anwani nyingine kuthibitisha paswedi, kisha hukurudisha. Kivinjari kikivikataa vidakuzi vya ile anwani ya pili, unaandika paswedi sahihi na ukurasa unakurudisha mwanzo, tena na tena, hadi unaanza kujishuku. Hapo kagua vidakuzi, na kama una kiendelezi cha kuzuia matangazo, kisimamishe kwa anwani hiyo. Nasisitiza: kwa anwani hiyo tu. Nimeona watu wakiichukia foleni ya ruhusa wakaifungulia dunia nzima, na wiki hiyohiyo skrini inajaa matangazo ya kamari.

Tumia Chrome, Edge au Firefox iliyosasishwa. Opera Mini naipenda kwa kubana bando, ila ikiwa katika hali ya kubana sana kurasa hupikwa kwanza kwenye seva zao, na skrini ya mbali haiwezi kuishi humo. Na kama ofisi yenu ni ya Citrix na badala ya skrini unapakua kafaili kanakoishia na ica, mfumo unadhani umesakinisha programu yake. Rudi, uchague kutumia kivinjari.

Kibodi nayo ina visa vyake. Dada mmoja wa manunuzi huko Mtwara alikuwa na faili mbili za Excel wazi, akamaliza moja, akabonyeza Ctrl na W kuifunga kama alivyozoea miaka yote. Ofisi nzima ikatoweka. "Kaka, nimefuta kila kitu!" Hakuna kilichofutika, kivinjari ndicho kilichoisikia amri kabla ya Excel, kikafunga kichupo. Dawa yake ni F11: skrini ikijaa, Chrome huziachia amri nyingi za namna hiyo ziende kwenye ukurasa. Njia bora zaidi ni kuisakinisha tovuti ya ofisi kama programu kwenye menyu ya Chrome au Edge, ikawa na dirisha lake na alama yake chini ya skrini. Ctrl, Alt na Delete, hata ufanyeje, haivuki, kwani Windows yako ya hapa huinyaka kwanza. Mifumo mingi imeiwekea kitufe. Kwenye Guacamole, Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja hufungua menyu ya pembeni yenye sehemu ya kunakilia, na hiyo huwaokoa wengi ubandikaji ukigoma.

Halafu kuna malalamiko ya "intaneti iko slo". Watu hununua kifurushi kikubwa zaidi na hali inabaki ileile, maana kinachowatesa mara nyingi ni umbali. Kila herufi unayobonyeza sharti iende kwenye seva na picha yake irudi ndipo uione. Seva ikiwa Ulaya, herufi inavuka bahari kwenda na kurudi, na mwanga ndani ya nyaya haukimbii zaidi ya kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Ikiwa Johannesburg, ambako Microsoft ilifungua vituo vyake mwaka 2019, unapata nafuu. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na majirani zake walionja ubaya wa kutegemea kila kitu kilicho ng'ambo. Anayepanga mfumo leo aulize kwanza seva itakaa wapi, bei baadaye. Wewe mtumiaji ondoa picha ya mandhari, punguza ukubwa wa skrini na ubora wa rangi, na video zitazame kwenye laptop yako, si ndani ya ofisi.

Wako wanaokwepa kivinjari kwa kuifungulia RDP mlango wake, namba 3389, moja kwa moja kwenye intaneti. Ni hatari tupu. Mei 2019 lilipogundulika tundu lililoitwa BlueKeep, Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, mfumo iliokwisha kuuacha tangu 2014; ujue walivyoogopa. Pitia kivinjari, kwa anwani yenye https, na uthibitisho wa hatua mbili. Paswedi usiihifadhi kwenye kompyuta isiyo yako.

Kwa mashine yako ya nyumbani, Chrome Remote Desktop ni ya bure na inatosha: unaweka PIN ya tarakimu zisizopungua 6, na kompyuta iachwe inawaka bila kulala. Programu hiyo hutoa pia namba ya tarakimu 12 ya kumruhusu mtu akusaidie kwa muda. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanazijua namba kama hizo. Akikupigia mtu usiyemwita, akadai ni wa benki au wa kampuni ya simu, akakuomba uisome namba hiyo, kata simu, kisha umpigie mtu wa kompyuta wa ofisini kwenu.