Ukatili wa Kijinsia (3): "Mbona Hukupiga Kelele?"

Katika sehemu mbili zilizopita tumeona sheria inavyosema kuhusu ubakaji. Leo tutazame yanayotokea kabla ya sheria kuguswa, pale binti anapofungua mdomo nyumbani kwao.

Wa kwanza kuambiwa huwa mama, shangazi au dada mkubwa, na mara nyingi naye hujibu kwa swali: "Ulifuata nini kule? Mbona hukupiga kelele?" Mtuhumiwa akiwa mjomba au jirani mwenye heshima zake, huongezwa: "Yule? Haiwezekani!" Wazee huitana, kikao kikajadili fidia na jina la ukoo. Huku nyuma binti ameshaambiwa aoge, nguo zimefuliwa, na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, hazina tena kazi.

Wiki mbili baadaye anafika polisi, anaulizwa: "Siku zote hizo ulikuwa wapi?" Kwangu huu ndio uonevu mkubwa kuliko yote. Alichelewa kwa sababu hakusadikiwa, na sasa hasadikiwi kwa sababu alichelewa.

Na hizo kelele? Hofu kuu huweza kuukakamaza mwili na kuifunga sauti, mtu asiweze kusogea wala kulia. Aliyenyamaza hivyo hakuridhia chochote.

Sheria na mahakama ziliyaona haya zamani. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, Tanzania inaruhusu mshtakiwa kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu zake. Mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Mshtakiwa hajanyang'anywa haki: anamhoji shahidi, na hakimu anapima.

Kazi hiyo ya kupima si ya shangazi wala ya kikao cha ukoo. Wao wana kazi nyingine, tena ya haraka: binti asioge, nguo zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi bila kufuliwa, naye afikishwe hospitali na kwenye dawati la jinsia la polisi siku hiyo hiyo, akisindikizwa na mtu anayemwamini.

Wiki ijayo tutaifuata fomu ya PF3, kutoka polisi hadi kwa daktari.