Mwizi Amefungwa, Ng'ombe Je?

Katika vijiji vya wafugaji mkoani Mara, Mbalibali ikiwa miongoni mwao, ng'ombe si mali ya kuhesabiwa kwa shilingi tu. Ng'ombe ni maziwa ya watoto, ni mvuta plau, na ni mahari ya kijana anayengoja kuoa. Zizi likivunjwa usiku, jamaa nzima imeibiwa.

Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1972 iliweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa wizi wa ng'ombe. Aliyeibiwa huifurahia hukumu inaposomwa, lakini arudipo nyumbani hulikuta zizi tupu kama alivyoliacha. Mfungwa hulima shamba la gereza, wala halimi la aliyemwibia. Naye mke wa mfungwa huachwa na watoto bila msaada, ilhali hakuiba. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Wakurya wanalo baraza lao la mila, iritongo, ambamo mkosaji hukabiliwa na watu wa kwao na kutozwa ng'ombe. Hapo mwenye mali ni mdai, wala si shahidi tu. Walakini baraza lenye hasira laweza kumwadhibu asiye na hatia. Kwa hiyo mahakama haina badala.

Sheria nayo haikuisahau fidia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humpa hakimu uwezo wa kuamuru mkosaji amlipe aliyemdhulumu. Lakini aliye gerezani atalipa kwa kipato gani?

Mwaka 2002 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Huduma kwa Jamii, baada ya Kenya mwaka 1998 na Uganda mwaka 2000. Mkosaji anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 aweza kuamriwa kufanya kazi za umma bila malipo, huku akilala kwake. Mwizi wa ng'ombe hamo. Lakini aliyeiba kuku, au aliyepigana kilabuni, aweza kuwamo.

Adhabu hiyo huonekana kwa macho mawili. Aliyedhulumiwa, akimwona mbaya wake jioni akiota moto na wanawe, aweza kusema, “Huyu ameachiwa.” Mkosaji naye aweza kuiona nafuu, mpaka siku atakaposhika fyekeo katika uwanja wa shule wanakosoma watoto wake, wakwe zake wakipita. Aibu hiyo gereza huificha nyuma ya ukuta.

Ndugu msomaji, kazi hiyo hunufaisha kijiji, bali kuku aliyeibwa alikuwa na mwenyewe. Mkosaji aliyebaki kwake ana jembe na mikono, hivyo aweza kulipa. Basi huduma kwa jamii iandamane na fidia, na kabla ya hukumu aliyedhulumiwa aulizwe amepungukiwa na nini. Hapo ndipo atakapoacha kusema kwamba mkosaji ameachiwa.