Penzi na Kiambishi cha Wakati katika Riwaya ya Safari ya Kale

Katika riwaya ya Outlander ya Mmarekani Diana Gabaldon, iliyochapishwa mwaka 1991, muuguzi Claire anapita kwenye mawe ya kale ya Uskoti na kuibukia mwaka 1743. Huko anampenda Jamie, ilhali anajua kuwa watu wa milimani watashindwa vitani Culloden mwaka 1746. Uchungu wa penzi hilo umo katika kiambishi cha wakati: kwa Claire ni "walishindwa", kwa Jamie ni "watashindwa".

Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), alifuata njia ya kinyume. Humo aliye hai haendi kale. Marehemu ndiye anayemrudia mjukuu wake na kumdai hesabu ya matendo yake.

Hata hivyo, Kiswahili kinaimudu pia njia ya kwanza. Abuniwe muuguzi wa Temeke anayejikuta Umatumbi mapema mwaka 1905, kabla ya Vita vya Majimaji kuanza mwezi Julai, akampenda kijana anayeamini kuwa dawa itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Temeke alizoea kusema, "Wangalijua, wasingalikufa." Umatumbi hana budi kusema, "Wangejua, wasingekufa." Kwa sarufi sanifu, -ngali- hufunga mlango na -nge- huuacha wazi, ingawa wasemaji wengi huzichanganya. Katika riwaya ya namna hii, tofauti hiyo ndiyo kisa chenyewe: amwambie kijana na kumvunja imani, au anyamaze na kumzika?