Mtani Asiyekuwapo: Ucheshi Mweusi wa Familia katika Runinga na Desturi ya Utani Usukumani

Ucheshi mweusi ni ule unaoyachukua mambo ambayo jamii huyasema kwa sauti ya chini, yaani kifo, maradhi, ukatili wa ndani ya ndoa, ufukara na chuki ya ndugu kwa ndugu, na kuyafanya chanzo cha kicheko bila kuyaondolea uchungu wake. Wahakiki wa Ulaya huihusisha istilahi hiyo na Mfaransa André Breton, ambaye katika antholojia yake ya mwaka 1940 alikusanya maandishi ya aina hiyo na kumtanguliza Jonathan Swift mbele ya wote. Runinga iliupokea ucheshi huo na kuuweka sebuleni kwa njia ya vichekesho vya mfululizo, ambavyo ni michezo mifupi yenye wahusika walewale na nyumba ileile kila wiki. Steptoe and Son ya BBC, iliyorushwa kati ya mwaka 1962 na 1974, ilimwonyesha mzee mwokota vyuma chakavu na mwanawe wanaochokana kila siku na wasioweza kuachana, na Married... with Children ya Marekani, iliyoanza mwaka 1987, ikaifanya dharau baina ya mume, mke na watoto kuwa lugha ya kawaida ya nyumba. Katika michezo hiyo mtu yeyote anaweza kumdhihaki mtu yeyote: mwana humtusi baba, mke humwombea mume kifo, na mkwe huambiwa usoni kwamba hatakiwi. Familia iliyovurugika, kwa maana hiyo, ni ile ambayo wajibu wa kila mmoja umekwisha kuharibika lakini hakuna anayepata nauli ya kuondoka.

Kwa mtazamaji wa Magu, wilaya ya Mkoa wa Mwanza inayopakana na Ghuba ya Speke na kukaliwa zaidi na Wasukuma, kigeni katika michezo hiyo si kwamba kifo kinachekwa. Kifo kilikuwa kikichekwa Usukumani, kama kilivyochekwa katika sehemu kubwa ya Tanganyika, kabla ya runinga kuwapo. Kigeni ni kwamba anayekicheka hana ruhusa ya kufanya hivyo.

Ruhusa hiyo hutolewa na utani. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliueleza uhusiano wa namna hiyo kuwa ni ule ambao upande mmoja unaruhusiwa, na pengine unalazimika, kuudhihaki upande wa pili, nao upande wa pili unalazimika kutokasirika. Katika miaka hiyohiyo mtafiti R. E. Moreau alichapisha uchunguzi wake kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika, na katika uchunguzi wa aina hiyo jambo moja hujitokeza tena na tena, kwamba watani wengi walikuwa kwanza maadui au wageni waliokutana njiani. Wanyamwezi na Wasukuma, waliobeba mizigo ya misafara kutoka bara hadi Bagamoyo katika karne ya 19, walilazimika kupita na kulala katika nchi za watu wasiowajua, wakiwamo Wazaramo wa pwani, na utani ukawa mkataba usioandikwa uliomhakikishia mpita njia chakula, malazi na, akifa huko ugenini, mazishi.

Msibani ndipo mkataba huo huonekana waziwazi. Mtani hufika akiwakejeli wafiwa, huiga mwendo na sauti ya marehemu, huvaa koti lake, hudai pesa kabla jeneza halijateremshwa, na wapo waliojilaza kaburini wakisema kwamba shimo ni lao na hawatoki bila malipo. Mtu asiyejua angedhani kwamba huo ni ufidhuli mtupu. Lakini mtani huyohuyo, kwa desturi, ndiye anayetazamiwa kushika kazi ambazo wafiwa hawaziwezi kwa uzito wa majonzi, kama vile kuchimba kaburi, kuchota maji na kupika, na dhihaka yake ni sehemu ya huduma hiyo. Anamsema marehemu kwa ubahili wake au kwa ulevi wake, mambo ambayo kila aliyeketi pale anayajua na hakuna ndugu anayethubutu kuyatamka, na akishayatamka yeye, wafiwa wanaweza kucheka bila kuonekana kwamba wamemsaliti maiti wao.

Ndani ya ukoo wenyewe ruhusa hiyo hugawanywa kwa hesabu kali. Babu na mjukuu hutaniana, na bibi anaweza kumwita mjukuu wake mume wake mbele ya watu wote. Mashemeji hutaniana, na vivyo hivyo watoto wa shangazi na wa mjomba. Baba na mwana hawataniani. Kati ya mkwe wa kiume na mama wa mke wake kuna heshima inayofikia kukwepana, hata njia ya kupita hubadilishwa ili wawili hao wasikutane uso kwa uso. Kwa ufupi, utani umewekwa pale ambapo mgongano ukitokea hauvunji nyumba, na umezuiwa pale ambapo neno moja linaweza kurudisha ng'ombe wa mahari.

Kichekesho cha familia katika runinga hufanya kinyume kabisa cha mgawanyo huo, kwa kuwa kinaweka dhihaka palepale palipokatazwa, kisha kinawakalisha baba, mwana na mkwe katika sebule moja waitazame pamoja. Watayarishaji wa Afrika Mashariki walilazimika kutafuta njia ya kuukwepa mgogoro huo, na njia iliyotumika zaidi ni kumtengeneza mtani ndani ya mchezo. Katika Vitimbi, kichekesho cha shirika la utangazaji la Kenya, KBC, ndoa ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai ilikuwa na kila kiungo cha familia iliyovurugika, uongo, ubahili na hila zisizokwisha. Lakini mwigizaji Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, hakuwa Mjaluo, bali alimwigiza Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo iliyotiwa chumvi, na lafudhi hiyo ilimtangazia mtazamaji, kabla hata kisa hakijaanza, kwamba asemaye hapa ni mtu wa kutaniwa. Papa Shirandula ya Citizen TV ilifanya hivyo kwa njia nyingine: mume, aliyeigizwa na Charles Bukeko hadi alipofariki mwaka 2020, ni mlinzi wa getini anayemficha mkewe Wilbroda kazi yake na kumwacha aamini kwamba ana cheo ofisini. Hapo giza limo katika hali yenyewe, kwa sababu nyumba nzima imesimama juu ya aibu ya umaskini, ingawa hakuna anayetamka neno zito. Wahusika wa Tanzania hawako mbali na mtindo huo. Babu mkorofi aliyeigizwa na King Majuto, mchekeshaji wa Tanga aliyefariki mwaka 2018, aliweza kusema maneno ambayo baba wa kawaida asingeyasema, kwa kuwa alichukua nafasi ya babu, na babu ana leseni.

Mwanza yenyewe imekuwa na kituo chake, Star TV, na kipindi chake cha vichekesho, Futuhi, kilichowapa watazamaji wa Kanda ya Ziwa nafasi ya kujicheka wenyewe badala ya kuchekwa kutoka Dar es Salaam, ambako Msukuma wa kuigiza kwa kawaida huwa ni mshamba mwenye fimbo anayeshangaa ghorofa. Utani wa pwani dhidi ya Msukuma una asili halali, na Wasukuma huulipa bila huruma, ila runinga hupeleka kejeli upande mmoja tu na kumnyima anayekejeliwa zamu yake. Huo ni upungufu mkubwa kwa watu waliozoea mashindano. Ngoma za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya uchezaji vinavyojivunia asili yao katika karne ya 19 na ambavyo hadi leo hukutana katika sherehe za Bulabo kwenye kituo cha makumbusho cha Bujora, Kisesa, hupambana kwa nyimbo za kuumbuana ambazo kila upande hupata saa yake ya kujibu.

Jaribio halisi la ucheshi mweusi Usukumani, hata hivyo, si lafudhi wala ushamba. Ni kikongwe anayetuhumiwa uchawi. Takwimu za serikali zilizochambuliwa na mwanasosholojia Simeon Mesaki zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara katika matukio 3,333 yaliyohusishwa na tuhuma za uchawi, kwamba waliouawa wengi walikuwa wanawake, na kwamba sehemu kubwa ya matukio hayo ilikuwa katika nchi ya Wasukuma. Macho mekundu yalitajwa mara nyingi kuwa ushahidi, ingawa mwanamke aliyepika maisha yake yote kwa samadi kavu na mabua katika jiko lisilo na dirisha hawezi kuwa na macho ya rangi nyingine. Na tuhuma hizo kwa kawaida hazikutoka mbali: zilitoka kwa jirani, kwa mtoto wa kambo, kwa mwana aliyetaka shamba. Familia iliyovurugika, hapa, iliua.

Mwandishi wa kichekesho anayeuweka uchawi wa bibi katika mchezo wake anaweza kuwa na nia njema kabisa ya kumdhihaki mtuhumu, lakini nia hiyo haisafiri peke yake. Marekani ilipata somo hilo mapema. Mwaka 1971 CBS ilianza kurusha All in the Family, ambamo Archie Bunker, baba mbaguzi na mbishi, alitungwa ili achekwe. Mwaka 1974 Neil Vidmar na Milton Rokeach wakachapisha utafiti ulioonyesha kwamba watazamaji wenye chuki zaidi hawakuelekea kumwona Archie kuwa mtu wa kukejeliwa, bali walimwona kuwa msema kweli. Msibani, kosa kama hilo ni gumu kutokea, kwa sababu mtani anajulikana kwa jina, na aliyemsikia vibaya anaweza kusahihishwa palepale. Runinga haina mtu huyo. Mashine ya vicheko iliyobuniwa na Mmarekani Charles Douglass katika miaka ya 1950, ambayo watayarishaji wengi duniani waliiga, inamwonyesha mtazamaji mahali pa kucheka, lakini haimwambii nani anachekwa wala kwa haki gani.

Njia inayoelekea kuwa salama zaidi, na pia yenye kuchekesha zaidi, imo katika desturi yenyewe: kumpa kikongwe zamu ya kwanza ya kusema. Bibi na mjukuu wana ruhusa kamili ya kutaniana, na bibi wa Kisukuma anayemtisha mjukuu wake kwamba akichelewa kuleta kuni atamgeuza fisi na kumpanda hadi Bariadi, huku akipepesa macho yaliyojaa moshi, anaigeuza tuhuma kuwa mali yake na kumwachia mtuhumu mikono mitupu. Tukio la namna hiyo haligharimu chochote zaidi ya jiko, moshi na waigizaji wawili. Linachohitaji ni mwandishi anayejua kwamba mwana wa bibi huyo, akiingia jikoni wakati huo, hapaswi kucheka, na kwamba uso wake, ukipigwa picha kwa karibu akiwa anajizuia, ndio utakaobeba mzaha wote.